Mama wa Misheni ya Kabete: Maisha ya Bibi Mary Bazett Leakey

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Uthiru mbele ya wazee, akina mama na vijana)



Nimeombwa niwaeleze habari za maisha ya mwanamke aliyekuwa mke wa mmisionari na mama wa watoto. Ningaliweza kumchagua mtu wa nchi za mbali, maana vitabu vyenye habari za namna hiyo ni vingi. Lakini sioni sababu ya kwenda kuchota maji ng'ambo na hali kisima ki mlangoni. Mtu akisimama hapa Uthiru, kando ya barabara kuu iendayo Naivasha, akiuelekeza uso wake upande wa kaskazini na mashariki, ng'ambo ya mabonde, ndiko iliko Kabete ya Chini, ambako Chama cha CMS cha Kanisa la Uingereza kilijenga kituo chake mwanzoni mwa karne iliyopita. Akigeuka akatazama machweo, kuelekea Kikuyu, ndiko Thogoto, kituo cha Misheni ya Scotland. Sisi wa Uthiru tumekaa kati ya misheni hizi mbili, na wengi wetu tukihesabu ukoo hatufiki mbali kabla ya kumkuta babu au nyanya aliyejifunza herufi katika mojawapo.

Bibi nitakayemtaja leo ni Mary Bazett Leakey, mkewe Kanoni Harry Leakey wa Kabete. Yafaa kwanza niondoe shaka ya jina, kwani wako wanawake wawili walioitwa Mary Leakey. Yule ambaye jina lake lilienea duniani ni mtaalamu wa mambo ya kale, aliyelivumbua fuvu la kale sana huko Olduvai, Tanganyika, mwezi wa Julai 1959, akafariki mwaka 1996. Huyo aliolewa katika nyumba hii. Wa kwetu leo ni mama mkwe wake, aliyefariki mwaka 1948, na nyumbani kwao aliitwa May. Ile shule ya wasichana ya Kabete ya Chini yenye jina la Mary Leakey imeitwa kwa jina la huyu wa kwanza, wala si la yule wa mafuvu, ijapokuwa hata wanafunzi wengine wa shule yenyewe hudhani vingine.

Alikuwa binti wa afisa wa jeshi, Kanali Bazett, wa mji wa Reading katika Uingereza. Nyumba yao ilikuwa na mabinti kadhaa, na zaidi ya mmoja walitoka kwenda katika kazi ya misheni. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba May hakuletwa Afrika na mume. Alikuja mwenyewe kwanza, angali msichana asiyeolewa, akafanya kazi ya misheni Mombasa katika miaka ya 1890. Afya yake ikaharibika, akarudishwa kwao, na madaktari wakamwonya asithubutu kurudi tena katika nchi za joto. Kisha akaolewa na kasisi Harry Leakey, wakapata mabinti wawili, Julia na Gladys. Na mwaka 1902 yule aliyekatazwa na madaktari alikuwa Kabete, pamoja na mumewe na watoto wake.

Naomba tukae kidogo hapo, maana ndipo hesabu ya maisha yake inapoanza. Mwanamume alipotumwa na chama cha misheni, jina lake liliandikwa katika daftari, na kazi yake ikatajwa, na posho yake ikapangwa. Mwanamke asiyeolewa naye aliandikwa kwa jina lake. Lakini mwanamke huyo akiisha kuolewa na mmisionari, jina lake kwa kawaida lilimezwa. Aliandikwa kuwa mke wa fulani, wala hakuwa na mshahara wake peke yake. Kazi hakupunguziwa. Bali aliongezewa, kwani ile ya misheni ilibaki palepale, na juu yake ikawekwa ile ya nyumba na watoto. Mimi ambaye riziki yangu ni kufasiri maneno ya ofisi, nimepitisha machoni taarifa nyingi za namna hii, na mara nyingi maneno yanayomhusu mke wa mwenye kituo hayazidi mstari mmoja, tena ule wa mwisho.

Basi, Kabete waliyoifikia ilikuwa katika hali gani? Wazee walioko hapa walisimuliwa na baba zao. Nchi ilikuwa imetoka tu katika njaa kuu ya miaka ya 1898 hadi 1900, iliyofuatana na ndui, na upande huu wa Kiambu watu wengi mno walikufa au wakahamia kwa jamaa zao wa kaskazini. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na Nairobi yenyewe ilikuwa mji wa mabati na matope. Mwaka huohuo wa 1902 serikali ilitoa sheria ya ardhi ambayo kwayo mashamba mengi ya Kiambu yaligawiwa walowezi, hata yale ambayo wenyewe walikuwa wameyaacha kwa ajili ya njaa tu. Tena watu wa hapa walikuwa hawajamsahau Waiyaki wa Hinga, aliyekamatwa katika ngome ya Fort Smith mwaka 1892, akapelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi. Kwa hiyo mzungu alipofika na kusema kwamba amekuja kwa amani, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumwamini upesi. Na mwanamke wa Kizungu mwenye watoto wadogo lilikuwa jambo geni kabisa.

Kituo chenyewe kilikuwa kibanda kimoja na mahema mawili. Nyumba ya kwanza ya familia ilikuwa na sakafu ya udongo. Paa lake la nyasi lilivuja, panya na wadudu walikaa humo kama wenyeji, na moto wa kuwapasha joto ulikuwa wa makaa katika majiko tu. Ninyi mkaao upande huu mwaijua baridi ya Julai na Agosti, wakati ambapo jua halionekani hata adhuhuri na ukungu hushuka mpaka mlangoni. Ni katika majira hayo, tarehe 7 Agosti 1903, Bibi Leakey alipojifungua mtoto wake wa tatu, Louis, naye alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Hapakuwa na hospitali ya kukimbilia, wala chombo cha kumtunzia mtoto asiyetimiza siku. Palikuwa na mama, na makaa, na wanawake wachache wa kumsaidia. Mtoto akaishi.

Louis mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1937, alisimulia jinsi watu walivyofika kumtazama, maana wengi walikuwa hawajapata kumwona mtoto mchanga wa Kizungu. Wazee walimtemea mate. Kwa Agikuyu mate ya mzee ni baraka, na kumtemea mtoto ni kuonyesha kwamba humtakii uovu wowote. Anayekataa kufanya hivyo ndiye wa kuogopwa. Louis aliandika kwa mzaha kwamba kwa ajili hiyo alioshwa kuliko mtoto mwingine yeyote wa nchi hii. Mimi nikisoma habari hiyo humfikiri zaidi yule mama aliyekuwa amelala ndani. Alitoka katika nyumba ya kanali huko Reading. Mtoto wake ni dhaifu, hajulikani kama ataiona kesho. Na wageni wanaingia mmoja baada ya mwingine wakimtemea mate. Akawaacha. Wako wenye elimu kubwa waliokaa katika nchi hii miaka thelathini bila kupata adabu ya namna hiyo.

Hawakukaa sana kabla ya ugonjwa kuwarudisha kwao. Kuanzia mwaka 1904 hadi 1906 familia yote ilikaa Reading katika nyumba ya mamake May, kwa sababu mumewe alikuwa amechoka akili na mwili. Wakarudi Kabete. Kisha mwaka 1911 ikawa zamu yake yeye mwenyewe. Nguvu zilimwishia kwa kazi, na wakakaa Uingereza tena mpaka mwaka 1913. Walipokwisha kurudi tu, vita vya 1914 vikaanza, na safari ya kwenda kwao haikuwezekana mpaka mwaka 1919. Mambo yaliyopita katika nchi hii katika miaka hiyo wazee wanayajua: vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wengi wasirudi, na mwaka 1918 homa ya mafua iliingia ikaua watu majumbani.

Sasa nije kwenye kazi yake ya kila siku. Dawa zilitolewa katika hema. Waliokuja walikuwa na vidonda vya miguu, macho mabaya, homa, na funza, mdudu ambaye katika miaka ile alikuwa mgeni, maana hakuwa ameingia nchini zamani. Msicheke, miguu iliyoliwa na funza ilimzuia mtu asilime, na asiyelima hali. Mumewe alikuwa na makanisa ya kuyatembelea, na mabaraza, na tafsiri ya Maandiko, ambayo ilichukua sehemu kubwa ya maisha yake. Agano Jipya la Kikikuyu lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1951, wakati ambapo yeye na mkewe walikuwa wamekwisha kufariki. Hata katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya Kanoni Leakey alipata kukaa kuwa msemaji wa mambo ya Waafrika, siku ambazo hakuna Mwafrika aliyeruhusiwa kusema mwenyewe. Hayo yote yameandikwa. Lakini mume akiwa Nairobi barazani, au akiwa chumbani na wasaidizi wake wa Kikikuyu wakitafuta neno moja asubuhi nzima, nani aliyekuwa akipokea watu mlangoni? Mwenye mtoto mgonjwa hakungoja aya ikamilike.

Na hapa pana jambo ambalo akina mama watalielewa upesi kuliko sisi wanaume. Siku ina saa zilezile kwa kila mtu. Mama huyu alipokuwa akiwafundisha watoto wa wengine, wa kwake walikuwa na nani? Walikuwa na watoto wa misheni na wa jirani, wakitega ndege na kuchunga. Walikuwa na mwalimu wa kike aliyekaa nao nyumbani. Na walikuwa na Mariamu, yaya wa Kikikuyu. Vitabu vinamtaja kwa jina hilo moja tu la ubatizo. Lakini tunda la kazi yake lilionekana. Watoto wote wa nyumba ile walikisema Kikikuyu kama wenyeji, na Louis hata mwendo wake ulikuwa wa vijana wa huku. Alipofika umri, aliingizwa katika riika pamoja na vijana wenzake, na akapewa ruhusa na wazazi wake ajijengee nyumba yake ya Kikikuyu mwishoni mwa bustani na kuhamia humo, pamoja na mayai ya ndege na mafuvu ya wanyama aliyoyakusanya. Ndipo yalipoanza yale mambo ya kuokota mawe ya kale ambayo baadaye yalimpa jina duniani.

Basi tunaona biashara ya ajabu iliyofanyika Kabete, ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote. Mwanamke wa Kizungu aliwapa mabinti wa Agikuyu mchana wake, na mwanamke wa Kikikuyu akawapa watoto wa Kizungu lugha. Ni yupi aliyetoa zaidi? Sithubutu kuamua. Najua tu kwamba mmoja wao jina lake limo katika kibao cha shule.

Nimetaja mabinti. Jambo lililo kubwa katika maisha ya Bibi Leakey ni ile shule ya wasichana, na ningependa mwelewe ugumu wake, maana siku hizi tumezoea kuona wasichana wa shule wakijaa barabarani asubuhi, tukadhani ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu. Mvulana alipokwenda kusoma, mbuzi wangeweza kuchungwa na nduguye mdogo. Msichana alipokwenda, maji yalibaki mtoni, kuni zikabaki msituni, na mama mzazi akapoteza mkono wake wa kuume. Baba naye alikuwa na hesabu yake, kwani binti akiolewa mbuzi wa mahari ndio waliomwezesha kaka yake kuoa. Msichana akilala misheni, nani atamposa, na kwa nani mahari itapelekwa? Tena walikuwako waliofika kwa kutoroka, wakikataa mume waliyechaguliwa au jambo jingine la nyumbani, na baba akaja mlangoni kumdai mtoto wake. Hili halikutokea Kabete tu. Lilitokea katika kila kituo cha misheni cha nchi hii kilichokuwa na bweni la wasichana. Kwa wamisionari, msichana yule alikuwa mtu aliyejichagulia njia. Kwa wazazi, alikuwa mtoto aliyeibwa. Sitaki kuwasingizia wazazi wale ujinga. Aliyenyang'anywa shamba jana ana haki ya kuuliza kwa nini leo anadaiwa na binti.

Ndiyo sababu, nadhani, kazi hii ilimtaka mwanamke, tena mwanamke mwenye watoto. Kwa desturi zetu mwanamke asiyezaa hakuwa na neno zito mbele ya akina mama wenzake. Bibi Leakey aliweza kusema na mama wa msichana kwa sababu yeye naye alijulikana kuwa mama wa Julia na Gladys, na wa Louis aliyetemewa mate na wazee, na wa Douglas mdogo wao.

Lakini tusilifanye hili kuwa sheria, maana kule Thogoto, mwendo wa saa chache kutoka Kabete, palikuwa na mfano mwingine. Minnie Cumming alitoka Dundee, Scotland, mwaka 1899, akaja kuolewa na Thomas Watson wa Misheni ya Scotland. Walifika wakati wa njaa, wakawa wakiwalisha watoto walioachwa yatima, na katika watoto hao ndimo shule yao ilimochipuka. Desemba 1900 mumewe akafa. Hakuwa na mtoto, wala mume, wala barabara ya kumrudisha upesi. Angalifungasha vitu vyake hakuna ambaye angalimlaumu. Alibaki, akaendesha kituo kile mpaka wenzake walipofika, kisha akaendelea kufundisha mpaka mwaka 1931. Alifariki kwao mwaka 1949, na majivu yake yakaletwa kuzikwa Thogoto. Huyu naye aliitwa mke wa mmisionari, ijapokuwa alikuwa mke kwa mwaka mmoja tu.

Mwaka 1929 likaja jaribu kubwa. Wamisionari wote waliipinga tohara ya wasichana, lakini hawakuwa na shauri moja juu ya namna ya kuipinga. Misheni ya Scotland na misheni nyingine kadhaa ziliwataka waumini waikane kwa kutia sahihi au dole gumba, na asiyekubali akatengwa. CMS haikufuata njia moja; makanisa yake mengine yalikaza, mengine yakawaachia watu nafasi. Watu wengi wa Kiambu waliondoka katika makanisa, wakajenga shule zao huru na makanisa yao. Nyimbo zilitungwa za kuwadhihaki wamisionari, na shule zilizojaa asubuhi moja zilikuwa tupu asubuhi ya pili. Leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imekataza kabisa tohara hiyo, na jambo hilo sitalifungua tena hapa. Ninalotaka mlitazame ni hili: ugomvi wote ulikuwa juu ya wasichana, na waliokaa barazani kuusema walikuwa karibu wote wanaume, wazungu kwa weusi.

Na tena, wale waliotoka katika misheni hawakuikataa elimu ya binti. Chuo cha Waalimu cha Githunguri kilipofunguliwa mwaka 1939, na baadaye wasichana walipokuwa wakikitaka, akina mama wa Kikikuyu wenyewe walichangishana senti zao wakalijenga bweni la wasichana. Kwa hiyo mambo yalipinduka. Mwaka 1902 mwanamke mgeni ndiye aliyekuwa akimwomba mama amtoe binti yake kazini. Miaka arobaini baadaye mama huyohuyo, au bintiye, alikuwa akichanga ili apate mahali pa kumpeleka. Sisemi kwamba Bibi Leakey ndiye aliyelifanya hilo. Watu huchukua wanachokitaka katika kile wanacholetewa, na kilichobaki hukirudisha kwa mwenyewe.

Na watoto wake mwenyewe? Julia aliolewa na Lawrence Barham, mmisionari aliyefanya kazi Kigezi na Burundi, na ambaye kuanzia mwaka 1964 hadi 1966 alikuwa Askofu wa Rwanda na Burundi. Gladys aliolewa mwaka 1930 na Leonard Beecher, aliyekuja Kenya mwaka 1927 kuwa mwalimu wa Alliance High School, kule Kikuyu; ndiye Beecher wa taarifa ile ya elimu ya mwaka 1949 iliyozua maneno mengi, tena Askofu Mkuu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1960 hadi 1970. Gladys na mumewe walitunga pamoja kamusi ya Kikikuyu na Kiingereza. Kwa hiyo mabinti wote wawili waliingia katika kazi ileile isiyo na mshahara aliyoifanya mama yao, na wake za maaskofu, kama wake za makanoni, hawana mstari mrefu katika taarifa.

Louis alimpa mama yake furaha na huzuni pia. Kwanza alikusudia kuwa mmisionari, kisha akageukia elimu ya mambo ya kale. Katikati ya miaka ya 1930 alimwacha mke wake wa kwanza na watoto wawili wadogo, akamwoa yule Mary mwingine mwaka 1936. Katika nyumba ya kanoni, ambayo ilikuwa imewafundisha vijana wa Kabete habari za ndoa ya Kikristo kwa miaka zaidi ya thelathini, mnaweza kufikiri neno hilo lilivyopokewa. Wazazi walisikitika sana. Mwana wa mchungaji akikosa, kila mtu kanisani humtazama mama usoni. Bado alibaki mwana wao.

Kanoni Leakey alifariki mwaka 1940. Bibi Leakey alimfuata mwaka 1948. Ni mwaka huohuo, kwa bahati tu, ilipofunguliwa kule Kikuyu shule ya sekondari ya wasichana wa Kiafrika, ambayo leo ni Alliance Girls' High School. Ya wavulana ilikuwa imefunguliwa mwaka 1926. Fanyeni hesabu hiyo: miaka 22 mvulana aliyefaulu alikuwa na mlango wa sekondari hapo Kikuyu, na dada yake aliyefaulu pia akarudi nyumbani, au akabaki kuwafundisha watoto wadogo darasa alilolimaliza mwenyewe. Wanafunzi wa kwanza wa Bibi Leakey walikuwa na wajukuu ndipo mlango huo ulipofunguka.

Liko jambo la mwisho katika habari ya nyumba hii. Louis, katika miaka ya 1930, aliandika kwa msaada wa wazee kitabu kikubwa juu ya desturi za Agikuyu wa kusini jinsi zilivyokuwa kabla ya mwaka 1903, yaani kabla ya mwaka aliozaliwa yeye. Kilikaa bila kupigwa chapa kwa muda mrefu, kikatoka mwaka 1977, vitabu vitatu, miaka mitano baada ya kufa kwake. Mmoja wa waliosaidia kukitengeneza kwa ajili ya kupigwa chapa alikuwa dada yake, Gladys Beecher. Desturi za kuzaa, za kulea, za kumpa mtoto jina, za chakula na za bustani ya mama, zote zimo humo, na aliyezipitia maneno yake ya Kikikuyu ni mwanamke aliyejifunza lugha hiyo utotoni katika Kabete.

Ndugu zangu, majina ya wazee waliozungumza na Louis Leakey yanaheshimiwa. Majina ya wasichana waliokaa katika bweni la mama yake yamo vichwani mwa wajukuu, na vichwa hivyo navyo vinapata mvi. Kwa hiyo kabla hatujatawanyika nina ombi. Yeyote aliye na nyanya au mama wa nyanya aliyesoma Kabete au Thogoto kabla ya vita vya pili, na aandike katika karatasi jina lake la nyumbani, jina lake la ubatizo, jina la mama yake, riika lake, na kijiji alichotoka. Kama alitoroka kwenda misheni, aandike alitoroka nini. Kama alipelekwa na baba yake, aandike hilo pia, maana walikuwako. Na kama yuko mtu hapa Uthiru, au Kinoo, au Kangemi, au Kabete, ambaye ukoo wao una habari za Mariamu aliyelea watoto wa Giteru, kama wazee walivyomwita Kanoni Leakey kwa ajili ya ndevu zake, huyo na aandike kwanza. Karatasi zaweza kuachwa hapa mezani, au kwa karani wa kanisa lolote lililo karibu naye.